Land Rover ya marehemu baba imelala miaka kumi na moja: nianzie wapi?

Swali: *Shikamoo fundi. Marehemu baba ametuachia Land Rover Series III ya 109, pickup ya petroli ya mwaka 1977. Alikuwa akibebea machungwa. Ipo hapa Muheza chini ya mwembe, ina miaka 11 haijawaka. Wadogo zangu wamekubali niichukue mimi. Fundi wa jirani anasema tufungue kila kitu, injini ishushwe, bodi ipigwe rangi, halafu ndiyo tuanze kuunganisha. Binamu yangu anasema injini hiyo nitupe, niweke ya Hilux ya dizeli. Mimi ni mwalimu, nina Jumamosi na kipande cha Jumapili, na pesa inakuja kidogo kidogo. Nianzie wapi?*

Jibu: Marahaba mwalimu, na poleni kwa kuondokewa na mzee.

Nianze na fundi wako wa jirani, maana ushauri kama wake ndio unaoyamaliza magari ya namna hii. Gari hufunguliwa kwa siku tatu na kurudishwa kwa miaka mitatu, na mengi hayarudi. Nati za giaboksi zinaingia ndoo moja na za bodi, waya zinakatwa bila alama, fundi anahamia mji mwingine, na wewe uliyekuwa na pesa ya breki tu unadaiwa breki, rangi, viti na injini kwa mkupuo. Gari lililokuwa likisukumika limegeuka lundo la vyuma kwenye kibanda, na mvua ya kwanza inaanza kulila upya.

Mtu wa Jumamosi hufungua mfumo mmoja, akaumaliza, akaufunga, ndipo akagusa mwingine. Gari libaki juu ya magurudumu yake kila jioni unapokwenda kuoga. Kwa hili lako mpangilio uwe karatasi, chasisi, breki, petroli na injini, umeme, bodi. Rangi ni ya mwisho kabisa, na ukiishiwa pesa kabla ya kuifikia, hujapoteza kitu.

Karatasi kabla ya spana

Kadi ya gari bado ina jina la mzee, na makubaliano ya wadogo zako sebuleni hayatoshi. Inabidi pawepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, naye ndiye atakayesaini uhamisho wa umiliki TRA. Kama mlishateua, vizuri. Kama bado, hiyo ndiyo Jumatatu yako ya kwanza, kwa sababu gari lililotengenezwa vizuri linagombaniwa kuliko gari bovu.

Kisha linganisha namba. Namba ya chasisi imegongwa kwenye chuma cha chasisi chenyewe, mbele upande wa kulia, kwenye kishikio cha springi. Namba ya injini ipo ubavu wa kushoto wa bloku, kwa mbele, karibu na manifoldi ya ekzosi. Paka mafuta ya taa, subiri, sugua kwa brashi ya waya kwa mkono. Usilete grainda hapo. Ikilika tarakimu moja, hakuna wa kukuamini kwamba ni bahati mbaya. Ukikuta injini siyo ile iliyoandikwa kwenye kadi, jambo la kawaida kwa gari la kazi la umri huu, lishughulikie sasa hivi pamoja na uhamisho.

Chasisi ndiyo gari

Bodi ya Land Rover ni ya aloi ya aluminiamu. Uamuzi huo ulifanywa mwaka 1948, chuma kilipokuwa adimu Uingereza baada ya vita. Ndiyo maana watu wanalizunguka gari lililosimama miaka kumi, hawaoni kutu, wanasema "bado zima hili". Lakini chasisi ni ya chuma, bati lililokunjwa na kuchomelewa likawa boksi refu. Matope na unyevu vikiingia humo havitoki, nalo linaoza kutoka ndani kuja nje. Rangi ya nje inaweza kung'aa huku chuma kimebaki kama karatasi ya daftari.

Kulipima hakuhitaji mashine. Osha chini kwa maji mengi, liache likauke siku mbili, kisha lala chini na nyundo ndogo ya gramu 200 hivi na bisibisi ya zamani. Gonga kila baada ya vidole vitatu. Chuma kizima hulia na nyundo hurudi mkononi. Kilichooza kinatoa sauti iliyokufa na nyundo inabaki palepale. Panapotia shaka, sukuma bisibisi kwa nguvu za mkono. Ikipenya, chora duara kwa chaki. Sehemu za kupekua sana ni boriti ya nyuma kabisa, pale pa kufungia trela. Mikono ya pembeni inayoshika tanki la petroli na ukuta wa mbele, ule ulio kati ya injini na miguu yako. Pembe mbili za mbele zinazobeba bampa. Na vishikio vyote vya springi. Usisahau upande wa juu wa chasisi chini ya bodi, ambako majani ya mwembe yamekuwa yakirundikana na kukaa na maji. Huko hupaoni, papapase kwa vidole.

Chaki ikiishia kwenye boriti ya nyuma na mikono ya pembeni, furahi. Hizo zinakatwa na kubadilishwa, na fundi mzuri wa kuchomelea anaziunda kwa bati la milimita 2 hadi 2.5. Kama nguzo kuu mbili za urefu zimelainika kwenye vishikio vya springi pande zote, acha viraka. Tafuta chasisi nyingine nzima yenye karatasi zake, au ujue kwamba Uingereza bado zinaundwa mpya zilizochovywa zinki, ila nauli na ushuru vinaweza kupita thamani ya gari zima. Hapo ndipo pa kuamua kama mradi unaendelea, na ndiyo sababu chasisi inapimwa kabla hujanunua hata plagi.

Kwenye kuchomelea, mambo yanayoharibika ni yaleyale. Kiraka kinabandikwa juu ya kutu: kutu inaendelea kula chini yake na baada ya masika mawili kiraka kinaning'inia. Kata mpaka ufikie chuma kinachong'aa. Pili, kiraka cha kwenye nguzo kuu kikikatwa mraba, mshono wake wa wima unakuwa mahali pa kupasukia, kwa sababu nguzo inapopinda uzito wote unakaa kwenye mstari mmoja. Kikate kiwe na ncha kama almasi, mshono upite kwa mshazari. Tatu, mtu anakata mikono ya pembeni yote kwa pamoja. Ukuta wa mbele unashuka, na baada ya hapo milango haifungi. Egemeza chasisi sehemu nne kwenye magogo au stendi imara, pima mshazari wa pembe hadi pembe pande zote mbili, andika, kisha kata mkono mmoja, weka mpya, pima tena, ndipo uende wa pili. Funga na kufungua mlango kila hatua. Mlango ndio utakaokuambia wa kwanza kwamba kitu kimehama.

Betri itolewe, waya za altaneta zichomolewe, na tanki la petroli lishushwe kabla ya cheche yoyote. Limekaa chini ya kiti cha mbele, sentimita chache kutoka kwenye mkono unaotaka kuuchomelea. Tanki lililokauka miaka 11 ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke uliobaki kwenye utandu wa ndani ukichanganyika na hewa hulipuka. Lisichomelewe kwa moto hata fundi akikuapia kwamba ameliosha kwa sabuni. Likitoboka, badilisha.

Kazi ikiisha, toboa au zibua matundu ya kutolea maji chini ya chasisi, suuza ndani kwa maji baridi, liache siku tatu za jua, halafu pulizia ndani mchanganyiko wa grisi iliyolainishwa kwa oili mpya. Wengi hupuliza oili chafu. Oili chafu ina asidi, inakula bushi za mpira, na inakuchafulia ngozi kwa vitu visivyotakiwa mwilini.

Ukiwa huko chini, tazama bushi za springi. Bolti zake huwa zimegandana na bushi, na watu wanazipiga nyundo mpaka kishikio kinapinda. Loweka siku nzima, na ikigoma ikate tu. Bolti mpya ni rahisi kuliko kishikio.

Kuhusu spana: nati nyingi za gari hili ni za inchi. Spana ya milimita 13 inakaa kwenye nati ya nusu inchi, inazunguka mara tatu, ya nne inaila kona. Nunua za 7/16, 1/2, 9/16 na 5/8 kabla ya kingine chochote.

Lisimame kabla halijawaka

Kila mtu anataka kusikia injini. Vumilia. Gari likiwaka Jumamosi, jioni yake kuna mtu atalipeleka mpaka barabarani, nalo halina breki.

Baada ya miaka 11, chukulia kwamba kila mpira kwenye breki umekufa: masta silinda, silinda za magurudumu, na mipira ya kuunganishia. Mafuta ya breki hunywa maji kutoka hewani. Maji yanatuama kwenye silinda na kuchimba vishimo. Pitisha ukucha ndani ya silinda. Ukucha ukikwama, kubadilisha mpira peke yake ni kupoteza pesa, kwa sababu mpira mpya utakatwa na kishimo hichohicho. Badilisha silinda nzima. Ile mipira ya kunyumbulika inadanganya zaidi: kwa nje nzuri, kwa ndani imevimba. Mguu wako una nguvu ya kusukuma mafuta yapite, springi za breki shu hazina nguvu ya kuyarudisha, na gurudumu linabaki limebana mpaka linatoa moshi. Yote ni mipya, bila mjadala. Mabomba ya chuma yakibadilishwa, yawe ya inchi 3/16, na aloi ya shaba na nikeli inafaa kuliko chuma kwa watu wa karibu na bahari.

Vumbi lililo ndani ya dramu usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Breki shu za zama hizo zilikuwa na asbesto. Lowesha kwa maji ya sabuni, futa kwa kitambaa, kitupe kikiwa bado kimelowa.

Tumia mafuta ya DOT 3 au DOT 4 kutoka kopo ambalo halijafunguliwa. Tone la oili ya injini au dizeli kwenye mfumo huu linavimbisha mipira yote, na kazi inaanza upya.

Sasa jambo linalowatesa mafundi wa 109, yaani hii ndefu ya inchi 109 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Magurudumu ya mbele yana silinda mbili kila moja, na upepo unajificha humo. Unatoa upepo asubuhi nzima, pedali bado laini kama sifongo. Dawa yake: kabla ya kutoa upepo, kaza virekebishio vyote vya breki shu mpaka magurudumu yasizunguke. Breki shu zinakuwa zimebana dramu, na pistoni hazina nafasi ya kusogea unapokanyaga pedali. Anza na gurudumu la mbali zaidi na masta silinda, nyuma kushoto, malizia la mbele kulia. Upepo ukiisha, legeza virekebishio mpaka gurudumu lizunguke likisugua kwa mbali tu.

Fanya klachi wakati huohuo, mafuta ni yaleyale. Ukikuta pedali inashuka lakini gia haziingii, sahani ya klachi imeshikana na flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, kwa kutu. Kandamiza pedali kwa kipande cha mbao usiku kucha. Mara nyingi inaachia yenyewe.

Injini, na neno kwa binamu

Injini yako ni ya sentimita za ujazo 2,286, silinda nne, nguvu za farasi 70 hivi. Ni polepole kweli. Ila haina kompyuta, taimingi yake haina mkanda wa mpira wa kukatika njiani, na fundi yeyote mwenye fila geji, vile vibati vya kupimia mianya, anaiweza. Ukiweka ya Hilux utaunda vishikio vipya, bamba la kuunganisha na giaboksi, njia mpya ya ekzosi na rejeta. Utabadilisha namba ya injini kwenye kadi. Na bado difu ni zile za 4.7 kwa 1, kwa hiyo gari litalia kwa sauti kubwa zaidi kwenye mwendo uleule. Breki nazo zitabaki za dramu. Mwambie binamu tutazungumza kama bloku imepasuka.

Kuiamsha ni kazi ya wiki mbili, nyingi zikiwa za kusubiri. Toa plagi zote nne. Mimina kwenye kila tundu vijiko vitatu vya oili nyepesi iliyochanganywa na dizeli. Acha siku tatu, ongeza, acha tena. Kisha tumia hendeli ya kuzungushia, ile inayopita kwenye tundu la bampa. Gia iwe huru. Izungushe taratibu, na dole gumba liwe upande mmoja na vidole vingine, lisizunguke hendeli. Injini ikirudisha teke, dole lililozunguka linavunjika. Ikigoma, usirefushe hendeli kwa bomba. Ringi zilizoganda zikilazimishwa zinakatika. Loweka tena, hata wiki. Ikizunguka raundi mbili nzima bila kukwama, mwaga oili ya zamani, badilisha filta, weka mpya ya 20W-50, halafu zungusha kwa stata bila plagi mpaka taa ya oili izime. Plagi zikiwa nje injini haina mzigo, na oili inafika kwenye beringi kabla ya moto.

Kabla ya kurudisha plagi, pima kompresheni. Namba yenyewe si muhimu kama tofauti; silinda zikipishana zaidi ya asilimia 15 hivi, tia kijiko cha oili kwenye ile dhaifu upime tena. Ikipanda, ringi ndizo zimechoka au bado zimenata, na kutembea kidogo kunaweza kuzirudisha. Isipopanda, ni valvu, na hapo ndipo silinda hedi inashuka, hedi peke yake. Wakati wa kurudisha, kaza kutoka katikati kwenda nje kwa hatua tatu hadi Nm 88, kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza.

Nafasi ya tapeti, ule mwanya juu ya kila valvu, ni milimita 0.25 kwa zote nane. Njia rahisi ya kutokosea ni hesabu ya tisa: valvu namba 8 ikiwa imefunguka kabisa, seti namba 1, ya 6 ikifunguka, seti ya 3, na kuendelea, jumla iwe 9 daima. Na hapa kuna jambo la petroli ya leo. Madini ya risasi yaliondolewa kwenye petroli kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006, nayo ndiyo yaliyokuwa yakilinda viti vya valvu za ekzosi kwenye hedi za zamani. Kiti kikilika, valvu inazama, na nafasi ya tapeti inapungua yenyewe. Kwa hiyo ipime kila kilomita 3,000. Ukikuta za ekzosi zimebana tena na tena, panga pesa ya kuweka viti vigumu hedi itakaposhuka. Usiishushe kwa sababu hiyo tu kama bado zimetulia.

Tanki na mabomba yakishasafishwa, fungua kikombe cha kioo cha pampu ya petroli. Utakuta ugoro mwekundu. Badilisha utando wa pampu, kisha vuta petroli kwa kijiti chake cha mkono badala ya kumaliza betri.

Kabureta ya Zenith inastahili Jumamosi yake peke yake. Ugonjwa wake mkubwa unajulikana: kifuniko cha juu kimepinda, kwa sababu kwa miaka kila fundi aliyekuta inavuta vibaya alikaza skrubu zaidi. Hewa inapita mahali isipotakiwa, gari linakula petroli, linatoa moshi mweusi na linasita unapokanyaga. Weka rula kwenye uso wa kifuniko uangalie mwanga. Ukiona mwanga, tandika msasa namba 400 juu ya kipande cha kioo cha dirisha, lowesha, sugua kifuniko kwa mzunguko wa nane bila kukandamiza, mpaka rangi iwe moja uso mzima. Angalia na kile kipete kidogo cha mpira kati ya kifuniko na bloku ya ndani. Mara nyingi hakipo kabisa, na aliyekitoa hakujua kazi yake. Gasketi mpya, skrubu zikazwe kwa nguvu za vidole kwenye bisibisi, siyo kwa bega.

Mwanya wa pointi za ndani ya distribyuta: milimita 0.35 hadi 0.40. Mwanya wa plagi: 0.8. Mpangilio wa moto 1-3-4-2. Watakushauri uweke mfumo wa kielektroniki. Unafaa, lakini ukifa porini umekufa, na pointi zinasuguliwa kwa msasa wa kiberiti ukarudi nyumbani. Kondensa ya zamani ikifanya kazi usiitupe. Nyingi za siku hizi kwenye maboksi mazuri hazidumu.

Ujazo, ubandike ukutani:

- Injini: lita 6.25, na karibu 0.85 zaidi kwa filta
- Giaboksi: lita 1.5, boksi ya pili nyuma yake: 2.5
- Difu ya mbele: 1.75; ya nyuma ikiwa ni Salisbury, yenye kifuniko cha bolti kwa nyuma: 2.5
- Vile vichwa viwili vya mviringo nyuma ya magurudumu ya mbele: nusu lita kila kimoja
- Maji ya rejeta: lita 10 na kidogo

Kwa giaboksi omba EP90 ya daraja la GL-4. Ile ya GL-5 ni ya difu. Dawa zake za salfa zinaweza kula bushi za shaba zilizo ndani ya giaboksi.

Umeme

Hapa nitakuwa mfupi. Panya wameshapita. Badilisha waya zilizotafunwa moja moja kwa rangi ileile, usimruhusu fundi akang'oa kitita chote. Taa ikiwa hafifu, au indiketa ikiwasha na taa ya breki, kosa karibu kila mara ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi na chasisi: aluminiamu inapiga ngozi ya unga mweupe na umeme haupiti. Sugua mpaka pang'ae, paka grisi, funga. Ongeza waya nene mmoja kutoka injini hadi chasisi.

Bodi, na sabuni ya mche

Aluminiamu haipigi kutu nyekundu, ila inapokutana na chuma kwenye unyevu wa chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe kuzunguka riveti na pembeni mwa milango. Kwa hiyo usitumie riveti za chuma, na kati ya bati na chuma weka kizuizi. Ukanda uliokatwa kwenye chubu ya zamani ya tairi unatosha sana. Brashi ya waya wa chuma usiitumie kwenye bodi: inaacha vipande visivyoonekana, na kila kimoja ni kidonda chini ya rangi mpya.

Mabonde yanyooshwe kwa akili. Bati hili kila likipigwa linakuwa gumu, likipigwa sana linapasuka. Dawa ni kulipasha joto lilegee, lakini aluminiamu haiwi nyekundu kama chuma. Unaangalia rangi ileile, ghafla imeyeyuka, umebaki na tundu. Chukua kipande cha sabuni ya mche, chora mistari juu ya bonde. Pasha taratibu kwa tochi ya gesi, upeleke moto huku na huku, usisimame mahali pamoja. Sabuni itageuka hudhurungi, halafu nyeusi. Hapo ondoa moto. Acha lipoe. Sasa bati ni laini, linanyooka kwa nyundo ya mbao juu ya mfuko wa mchanga. Likianza kuwa gumu tena, rudia sabuni.

Ukuta wa mbele, pale miguu inapokaa, ni wa chuma na huwa umeoza. Huo ni mali ya fundi wa kuchomelea, na ni vizuri aufanye wakati wa chasisi.

Rangi ikifika zamu yake, tumia praima maalumu ya aluminiamu, ile inayoung'ata uso. Praima ya kawaida itabanduka kama ganda la yai baada ya mwaka. Mabonde ya makreti ya machungwa kwenye sakafu ya nyuma mimi ningeyaacha, mradi matundu ya maji yawe wazi. Lakini gari ni lako.

Siku za kwanza barabarani

Tairi za 7.50-16 ambazo zimekaa miaka hii yote usizitumie, hata kama kashata zake ni nzima. Mpira umekauka na utapasuka kwenye joto. Kilomita 50 za kwanza zunguka karibu na nyumbani, na chukua spana, maji, fyuzi na mtu wa kusukuma. Ukifika kilomita 500 mwaga oili hata kama inaonekana safi, na pima tapeti tena. Kama hedi ilishuka, rudia kipimo cha Nm 88. Mwendo wake wa raha ni 70 hadi 80 kwa saa. Ukisikia linalia zaidi ya hapo, linalia kweli.

Njia ya Amani, ile ya kupanda milimani, usipande mpaka mwezi wa kwanza uishe. Ukienda, shuka kwa gia ya pili, usishuke kwa breki. Mkifika chini simama kwenye tambarare, na sogeza kiganja karibu na kila dramu bila kukigusisha. Joto linapaswa kulingana kushoto na kulia. Lile lililozidi la mwenzake ndilo la kufungua Jumamosi inayofuata.